Mshiriki wa Mwisho

Ni mumewe. Msisugue macho. Ni mumewe yule yule wa ndoa, aliyeaga asubuhi kwamba anakwenda kutengeneza friji la bucha na kwamba wasimsubiri kwa chakula cha mchana.

Mliokuwa nasi wiki iliyopita mlimwacha Dakta kasimama gizani nyuma ya kioo, mdomo wazi, kalamu imemponyoka. Kwa waliojiunga leo nitaeleza mbio mbio, maana mwenzetu hana muda na mimi pia sina.

Dakta si daktari. Ni jina la mtaani tu. Anasomea saikolojia chuo kikuu, ule mwaka mgumu wanaouita honazi, ila majirani walisikia neno "akili" wakamalizia wenyewe, na tangu hapo humletea watoto wenye kikohozi. Mama mkwe ndiye kiboko. Aliambiwa honazi maana yake ni shahada ya heshima, akashika kiuno. "Mwaka mzima anasomea heshima, na simu yangu hapokei!"

Utafiti wake ni wa ukaribu. Unawakalisha watu wawili wasiojuana, mmoja anamuuliza mwenzake maswali yanayozidi kuchimba, halafu unapima wametoka wakiwa karibu kiasi gani. Maswali kayatunga Dakta mwenyewe. Muulizaji ni mwanafunzi mwenzake, binti wanayemwita Asali kwa sababu ya sauti yake. Dakta hukaa chumba cha pili, nyuma ya kioo cha upande mmoja. Yeye anawaona, wao wanajiona sura zao tu, na maneno yao humfikia kwa spika ndogo iliyobandikwa ukutani. Lazima chumba chake kiwe giza. Taa ikiwaka, kioo kinageuka dirisha.

Utafiti nao una sharti lake: mshiriki asiwe mtu anayefahamiana na mtafiti. Akiwa ndugu, jamaa au hata mpangaji mwenzako, kazi yake inatupwa. Leo ndiyo siku ya mwisho ya kukusanya data, na amebaki mshiriki mmoja, anayejulikana kwa namba tu. Hakuna wa akiba. Bila huyo hakuna tasnifu, na bila tasnifu hakuna honazi.

Na mshiriki mwenyewe ndiye huyo anavuta kiti.

"Karibu sana," alisema Asali. "Jisikie uko nyumbani."

"Ahsante, dada," alisema Fundi. Tumwite Fundi, kama mtaa mzima unavyomwita.

Ajisikie yuko nyumbani! Nyumbani kwa nani? Dakta alisogea mpaka pua ikakaribia kugusa kioo. Mumewe alikuwa amevaa lile shati la bluu lenye mistari, shati linalotoka kabatini kwa harusi na misiba. Nani anatengeneza friji na shati la harusi? Na ndevu kanyoa. Ndevu ambazo Dakta alimbembeleza anyoe muhula mzima, yeye akisema zinamkinga na baridi ya friji, leo hazipo.

Hapa lazima mjue jambo. Kwa mwaka mzima Dakta alihakikisha watu hawa wawili hawaonani. Sherehe ya darasa alikwenda peke yake. Picha ya mumewe aliiondoa kwenye simu. Kila Asali alipouliza kwa ile sauti yake, "Shemeji yangu hajambo?", Dakta alijibu "Yupo," akageuza mazungumzo. Hakuwa na sababu yoyote ya maana. Alimwonea tu wivu yule binti, kwa sauti, kwa shingo, kwa jinsi hata walinzi wa getini walivyokuwa wakimfungulia mlango kabla hajafika.

Sasa kawakutanisha mwenyewe, tena kwa maswali yake mwenyewe.

Mkono wake ulikuwa tayari kwenye kitasa. Akikimbilia kule, kikao kimeharibika. Msimamizi wake wa chuo alishamwambia wazi: data ikipungua, usinitafute. Akaachia kitasa. Akajisemea kwamba atasikiliza kidogo tu, kama mtafiti.

Mtafiti gani anayeng'ata kola ya blauzi yake?

"Swali la kwanza," alisema Asali. "Ni kitu gani unakifanya vizuri, ambacho nyumbani hakuna anayekiona?"

Fundi alicheka kwa aibu. "Nasikiliza friji."

"Unasikiliza friji?"

"Eeh. Naweka sikio ubavuni, nanyamaza. Kabla sijafungua hata skrubu moja nishajua linaumwa nini. Mengine yananung'unika, mengine yanajikaza tu mpaka siku yanazima."

"Kumbe na wewe mwanasaikolojia!" alisema Asali, akacheka.

Huo mzaha haukuwemo kwenye mwongozo. Muulizaji haruhusiwi kutania. Dakta aliandika pembeni, "Muulizaji anacheka bila sababu," akapigia mstari mpaka karatasi ikatoboka. Kisha akakumbuka kwamba ameishi na mtu huyu miaka yote hiyo na habari za sikio la friji anazisikia leo, tena kupitia spika.

"Mara ya mwisho kucheka mpaka machozi yakakutoka ilikuwa lini, na ulikuwa na nani?"

"Nilikuwa na mke wangu." Hakufikiri hata kidogo. "Alikuwa anajizoeza kuhoji. Akanikalisha juu ya ndoo jikoni, mimi niwe mgonjwa. Akaniuliza nina tatizo gani, nikamwambia namwona mke wangu akiwa wawili, na wote wananidai nikaoshe vyombo. Tulicheka mpaka jirani akagonga ukuta."

"Ilikuwa lini hiyo?"

"Zamani. Kabla ya hii honazi yake."

Gizani, Dakta alilainika. Machozi yalimlenga. Ndoo ile bado ipo, imekatika mkono. Alianza kujiona mjinga kwa kumdhania mumewe vibaya, na kama simulizi ingeishia hapa tungeagana kwa amani. Lakini swali la tatu lilikuwa bado, na yeye ndiye aliyelitunga, akalisifia mwenyewe kwamba ni swali linalofungua mtu kama kopo.

"Siku hizi ni nani anayekunyima usingizi?"

Fundi alifuta viganja kwenye suruali. Akatazama mikono yake.

"Kuna mtu," alisema.

Dakta alisogeza sikio kwenye spika.

"Mtu gani?" aliuliza Asali polepole.

"Nilianza kumsikia mwaka huu tu. Mwanzoni nilimchukulia kawaida. Sasa, dada yangu, naamka naye, nalala naye. Simu ikilia wakati wa kulala, najua ni yeye. Chakula kikipoa mezani, ni kwa ajili yake."

"Na leo?"

"Hata leo. Shati hili unaloliona, nimelivaa kwa sababu yake. Nimesema liwalo na liwe, lazima tuonane uso kwa uso."

"Mkeo anamjua mtu huyo?"

"Kumjua?" Fundi alitoa kicheko kikavu. "Anamjua kuliko mimi!"

Basi hapo. Moyo wa Dakta ulianza kwenda mbio mtaa kwa mtaa ukitafuta mwanamke. Ni yule jirani anayeazima pasi na kuirudisha akiwa amejipaka mafuta? Ni binamu yake mwenyewe, yule anayemwita Fundi "mume wetu" na kila mtu anacheka? Mtu anayemjua kuliko mumewe anavyomjua. Mtu wa mwaka huu. Mtu wa kuvaliwa shati leo, kuonana naye leo, uso kwa uso.

Nani yuko uso kwa uso naye sasa hivi?

"Asali!" alisema kwa meno yaliyobana, akaruka kuelekea mlangoni, na bega lake likagonga swichi ya taa.

Chumba kizima kikawaka.

Asali alikuwa amekipa kioo mgongo. Hakuona kitu. Fundi alikuwa amekitazama. Alimwona mkewe kasimama pale pale ilipokuwa sura yake mwenyewe, nywele timutimu, macho mekundu, kola ya blauzi mdomoni. Wakatazamana. Dakta alipapasa ukuta, akazima, na giza likarudi.

"Kuna nini?" aliuliza Asali.

"Hakuna kitu." Fundi alikohoa. "Nimejiona kwenye kioo, nikashtuka."

"Tuendelee?"

"Tuendelee. Uliza tena hilo la huyo mtu."

Hakuwa akimtazama Asali tena. Alikuwa akikitazama kioo, na alipozungumza, alizungumza kama mume anayezungumza chumbani kwake mlango ukiwa umefungwa.

"Mtu huyo ni msimamizi wake. Wa huko chuoni. Mama yangu kila siku ananiuliza, harusi ilishapita, msimamizi wa nini tena? Mimi namtetea. Lakini jioni nikirudi, msimamizi kasema hivi. Msimamizi kapenda ile sura ya pili. Msimamizi kacheka. Mimi nikisema jambo langu, mke wangu ananiuliza, 'Na unajisikiaje kuhusu hilo?' Najisikiaje! Najisikia mgonjwa wa foleni!"

Asali alisahau kuandika.

"Namwonea wivu," alisema Fundi. "Ndiyo, mwanaume mzima. Nimeona tangazo lenu la kutafuta washiriki, nikasema nitaingia humu humu, nimtafute huyo jamaa, nimwone ana nini ambacho mimi sina. Nilitaka hata kumkunja shati. Mwanaume mwenzangu huyo, atanielewa."

Nyuma ya kioo Dakta alijiziba mdomo kwa mikono yote miwili. Kicheko na kilio vilikuwa vinagombania mlango mmoja. Yeye alisikia "mtu" akaona mwanamke. Mumewe mwaka mzima amesikia "msimamizi" akaona mwanaume! Hapakuwa na jirani wa pasi wala binamu. Wivu wote ulikuwa kwa ajili yake yeye, Dakta, mwenye kola iliyolowa mate, na sikufichi, msomaji, ilimwingia tamu kuliko alama zote alizowahi kupata.

"Mwanaume gani tena huyo?" ilisema sauti nyuma yake.

Dakta aligeuka. Msimamizi alikuwa kasimama mlangoni.

Kiri tu na wewe unayesoma. Ulishamchora kichwani na tai yake. Msimamizi ni mama aliyekaribia kustaafu, mwenye sweta la kufuma na miwani ya kamba, na kwa ajili ya miguu inayovimba hutembea na kandambili mpaka kwenye vikao vya mkuu wa chuo.

"Shikamoo, Mwalimu," alisema Dakta.

"Marahaba. Nimekuja kuona kikao cha mwisho, nakuta natafutwa nikunjwe shati. Mimi shati nitalitoa wapi?" Alisogea kwenye kioo, akamtazama Fundi kwa makini. "Huyu ni mume wa nani?"

"Wanafunzi wako wengi wameolewa, Mwalimu."

"Sikuuliza hesabu. Unamfahamu?"

Hapo ndipo kila kitu kilipokusanyika. Akisema ndiyo, kikao kinatupwa, mwaka umekwisha, honazi kwaheri, na mama mkwe atapata la kusema mpaka siku ya mazishi yake. Akisema hapana, anamkana mumewe saa ile ile aliyojua kwamba anapendwa. Dakta aliinama kuokota kalamu ambayo haikuwa imeanguka.

"Ngoja nimuulize mwenyewe," alisema Msimamizi, na kandambili zikaburuzika kwenye korido.

Mlango wa chumba cha mahojiano ulifunguliwa. Asali alisimama haraka.

"Kaa, mwanangu. Samahani, ndugu mshiriki, nina swali dogo. Mimi ndiye msimamizi wa utafiti huu."

Fundi alimtazama kuanzia sweta mpaka kandambili, akarudi tena juu. Kinywa chake kikawa wazi.

"Wewe? Wewe ndiye msimamizi?"

"Mwenyewe. Mbona kama umeona jini?"

"Hapana, mama. Shikamoo, mama." Na akaanza kucheka, akashindwa kujizuia, akacheka mpaka akafuta macho kwa mkono wa lile shati la harusi. Mzigo wa mwaka mzima ulikuwa unamshuka mgongoni. Mpaka Msimamizi naye akatabasamu, bila kujua anatabasamia nini.

"Haya. Umesema mkeo ana msimamizi chuoni. Ni hapa?"

Kicheko kilikatika. Fundi alitupa jicho kwenye kioo, mara moja tu. Masharti alikuwa amesomewa alipoingia. Alijua neno moja litamgharimu nini mkewe.

"Hapana, mama," alisema. "Mke wangu yuko chuo kingine. Mbali. Kumbe msimamizi wake nimemtafuta siko."

"Na mtafiti wa kazi hii unamfahamu?"

"Mtafiti? Simfahamu. Sijawahi hata kumwona."

Alisema bila kupepesa. Sauti ilikuwa tulivu, uso umekaa sawa, mkono umetulia juu ya goti. Msimamizi aliridhika. "Vizuri. Samahani kwa usumbufu. Endeleeni."

Amemwokoa! Mume wa kuombewa dua, huyo. Dakta alitakiwa apige magoti pale pale ashukuru. Na alishukuru, kwa muda wa kutosha kuvuta pumzi. Kisha wivu, ambao ulikuwa umekaa chini kupumzika kidogo, ukainuka tena na swali jipya.

Ametoa wapi uhodari huu?

Maana Dakta amesoma habari za waongo muhula mzima. Anajua wanavyogusa pua, wanavyoharakisha maneno. Fundi hakugusa pua. Alidanganya kwa sauti ile ile aliyoagia asubuhi, kwamba anakwenda kutengeneza friji la bucha. Basi siku nyingine alipoaga kwa sauti hiyo alikuwa anakwenda wapi?

Msimamizi alirudi gizani, akavuta kiti, akakaa kando yake akishusha pumzi na kukanda kifundo cha mguu. "Kijana mzuri," alisema. "Ana mke mwenye bahati, huko aliko. Kimebaki nini?"

"Zoezi la mwisho, Mwalimu."

"Lipi?"

"La kutazamana."

Alilitunga mwenyewe, msomaji, Jumapili moja, Fundi akiwa amelala kwenye kochi baada ya kungoja sana wazungumze. Mshiriki na muulizaji wasogeze viti karibu. Watazamane machoni bila kusema neno, mpaka kengele ilie. Kamati ya maadili ilimsifia kwa zoezi hilo. Wakati huo hakukumbuka mara ya mwisho yeye na mumewe walipotazamana hivyo, na hata sasa alijaribu kukumbuka akashindwa.

Viti vilisogezwa. Magoti yakakaribiana. Asali alirudisha nywele nyuma ya sikio, akainua uso, na Fundi akaweka macho yake mahali alipoambiwa ayaweke.

"Safi kabisa," alinong'ona Msimamizi. "Ona wanavyotulia. Hapa umepata data nzuri, mwanangu. Hii ni honazi ya daraja la kwanza."

Dakta alikuwa anaona. Alikuwa anaona bega la mumewe likilegea. Alikuwa anaona kona ya mdomo wake, ile inayopanda kidogo anapojizuia kucheka, ikipanda. Ni kwa ajili ya honazi yangu, alijiambia. Anafanya hivi kwa ajili yangu. Akashika kiti chake kwa mikono miwili asije akasimama.

Kisha Asali aliinama mbele, kama mtu anayeokota kalamu. Midomo yake haikuchezacheza sana. Alisema kwa pumzi tu, kwa ile sauti ya kumchanganyia mtu sukari, na Msimamizi, aliyekuwa anafuta miwani yake, hakusikia kitu. Lakini spika ilikuwa karibu na sikio la Dakta.

"Umedanganya vizuri, shemeji."

Shemeji!

Kwa picha gani? Kwa sherehe ipi? Mwaka mzima amemficha, na leo yule binti anamwita kama mtu aliyezoea kumpelekea chai. Na Fundi hakushtuka. Hakuuliza wewe nani umenijulia wapi. Kona ya mdomo ilipanda zaidi.

"Huyu kamjulia wapi mume wangu?" Dakta alisema.

Alidhani amesema moyoni.

Kitambaa cha miwani kilisimama. Msimamizi alivaa miwani yake polepole, sikio moja, kisha la pili, akamgeukia, na sura ya yule mama mpole wa kandambili haikuwepo tena.

"Mume wa nani?"

Upande wa pili kengele ilikuwa bado haijalia, na Fundi na Asali walikuwa wanaendelea kutazamana.